Shilingi 2,000 kwa Asiyedaiwa Hata Senti

Anayelipwa shilingi 24,000 kwa mwezi nchini Kenya hupigiwa hesabu ya ushuru wa asilimia 10, yaani shilingi 2,400, kisha sheria humpa nafuu ya kibinafsi ya shilingi 2,400 zile zile. Hadaiwi kitu. Lakini Juni 30 ikimpita kabla hajawasilisha ritani ya mwaka kwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA, anaamka Julai mosi akiwa mdeni wa shilingi 2,000, ambazo kwa mshahara huo ni kazi ya siku mbili na nusu. Na hapo amehurumiwa. Kabla ya Sheria ya Fedha ya mwaka 2018, faini hiyo ilikuwa shilingi 20,000.

Wanaonaswa na faini hii si wenye majumba ya kifahari. Ni kijana wa Ndhiwa aliyechukua PIN ya KRA ili aombe mkopo wa masomo wa HELB na hajawahi kuajiriwa. Ni mama wa Karungu aliyeombwa PIN benki alipokwenda kufungua akaunti. Ni mtu wa Nyatike aliyepata kibarua cha miezi mitatu, mwajiri akataka PIN, kibarua kikaisha. Kazi huisha lakini wajibu wa ritani hauishi nayo. Unamfuata mwenye PIN mwaka baada ya mwaka mpaka aombe rasmi uondolewe, jambo ambalo wengi hawajui kwamba linawezekana.

Kuwasilisha ritani ya mapato sufuri, au ya nil kama kila mtu anavyoiita, ni shughuli ya dakika chache kwa mwenye simu nzuri, bando na nywila yake. Shida ni kwamba si PIN chache zilizofunguliwa saiba, kwa barua pepe ya mwenye saiba, na nywila ikabaki huko huko. Tufanye makadirio ya kiasi tu: shilingi 100 za saiba na 200 za nauli ya kwenda na kurudi. Kila watu milioni moja wa nil watakuwa wametumia shilingi milioni 300 kuiambia serikali kwamba hawana cha kuipa. Kwa sensa ya mwaka 2019, kaunti ya Homa Bay, iliko Ndhiwa, ilikuwa na watu 1,131,950 na ya Migori, ziliko Karungu na Nyatike, 1,116,436, jumla asilimia 4.7 ya Wakenya wote. Kwa uwiano mtupu, katika kila milioni hiyo ya nil, kaunti hizi mbili zina watu 47,000 na gharama ya shilingi milioni 14. Najua uwiano huo una kasoro, maana PIN zimejazana Nairobi kuliko Nyatike. Lakini nauli ya kutoka Muhuru Bay hadi mjini Migori nayo hailingani na hatua za kutoka nyumbani Kawangware hadi saiba ya kona.

Tuitazame faini yenyewe kwa jicho la Hazina. Wakichelewa watu 100,000 nchi nzima, faini zao ni shilingi milioni 200. Katika mwaka wa fedha wa 2023/24, ushuru wa mishahara peke yake, PAYE, uliingiza zaidi ya shilingi bilioni 540. Milioni 200 mbele ya bilioni 540 hazifiki hata sehemu nne katika kila elfu kumi. Tena serikali yenyewe hushindwa kuzidai. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilileta msamaha wa faini na riba za hadi Desemba 2022, na waliokuwa na faini tupu bila deni la ushuru wakafutiwa bila hata kuomba. Mwisho wa mwaka 2024 msamaha ukaongezwa kwa faini za hadi Desemba 2023, ukaendelea hadi Juni 30, 2025. Unatoza, unasubiri, unasamehe, unaanza kutoza upya. Sioni faida yake kwa yeyote, labda kwa mwenye saiba.

Sasa twende kwa anayelipa kweli. Tumchukue karani wa duka la jumla mjini Rongo, wa kubuni lakini mwenye hesabu za kweli, aliyelipwa shilingi 45,000 kila mwezi wa mwaka 2025. Januari alikatwa akiba ya uzeeni ya NSSF 2,160, bima ya afya ya SHIF 1,237.50 na ada ya nyumba 675. Zikitolewa hizo, mshahara wa kutozwa ushuru ni 40,927.50. Shilingi 24,000 za kwanza zinatozwa asilimia 10, 8,333 zinazofuata asilimia 25, zinazobaki asilimia 30. Toa nafuu ya 2,400, na ushuru wa mwezi ni 4,661.60. Februari viwango vya NSSF vikapanda, mchango wake ukawa 2,700, na ushuru ukashuka hadi 4,499.60. Mwaka mzima alilipa 54,157.20.

Namba hizi zote KRA inazo tayari. Kila mwezi, kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, mwajiri huwasilisha orodha ya wafanyakazi wake pamoja na fedha zenyewe: PIN ya kila mmoja, mshahara wake, makato yake, ushuru wake. Mara kumi na mbili kwa mwaka. Baadaye mwajiri humpa karani fomu ya P9 yenye namba zile zile, karani anaipeleka saiba, na mwenye saiba anazirudisha KRA kupitia tovuti yake ya iTax. Kama zote zinalingana, serikali haijajua chochote kipya. Zisipolingana, mara nyingi ni kwa sababu mtu amekosea kunakili. Ni kama mwenye duka kumwita mteja arudi amsomee risiti aliyomwandikia yeye mwenyewe, kisha amtoze faini asiporudi.

KRA si kwamba imelala. Ipo ritani fupi ya wenye mapato ya ajira peke yake, inayojazwa kwenye tovuti badala ya lile faili la Excel lililowatoa watu jasho kwa makro zisizofunguka, na baadhi ya namba huingia zenyewe. Nil nayo imewekwa kwenye eCitizen. Hayo ni maendeleo. Lakini yote yanarahisisha safari bila kuuliza kama safari yenyewe inahitajika.

Na tovuti haiwezi kuwa rahisi kuliko sheria inayoisimamia. Ukitaka kujua ugumu unakotoka, itazame P9 ya mwaka 2024. Ada ya nyumba ilikatwa Januari, ikasimama baada ya Mahakama ya Rufaa kukataa tarehe 26 mwezi huo kuendelea kuilinda, ikarudi Machi 19 kwa sheria mpya, ikiwa na nafuu ya asilimia 15. Bima ya zamani ya NHIF ikafa, SHIF ikaanza Oktoba kwa asilimia 2.75 ya mshahara. Kisha Desemba 27, zikiwa zimebaki siku chache mwaka uishe, sheria nyingine ikafuta nafuu ya nyumba na kufanya ada hiyo na SHIF zitolewe kwenye mshahara kabla ya ushuru kupigwa. Mfanyakazi mmoja, mshahara mmoja usiobadilika, na kanuni za hesabu zilizogeuka kila msimu. Hapo hata mhasibu anarudia mara mbili.

Kila nafuu ina mbunge aliyeipigania na kundi lililoishangilia: riba ya mkopo wa nyumba hadi shilingi 360,000 kwa mwaka, pensheni hadi 30,000 kwa mwezi, bima ya maisha kwa asilimia 15 hadi 60,000 kwa mwaka, msamaha wa 150,000 za kwanza kwa mwezi kwa watu wenye ulemavu. Nyingine ni za haki kabisa. Lakini kila moja ni ukurasa kwenye fomu, na hakuna mwanasiasa aliyewahi kubebwa mabegani kwa kufuta ukurasa.

Nchi nyingine zimeshaamua. Uingereza ina PAYE kama yetu, na kwa kweli yetu ndiyo mtoto wa yao, lakini mfanyakazi wa kawaida mwenye mwajiri mmoja hajazi ritani. Hujaza mwenye biashara, mwenye nyumba za kupanga, mwenye mapato ya pembeni. Afrika Kusini, tangu mwaka 2020, mamlaka ya ushuru hukusanya namba kutoka kwa waajiri, benki na kampuni za bima, hukokotoa, kisha humtumia mlipaji ujumbe: hesabu yako ni hii, ukiridhika usifanye lolote. Mwaka 2025 zaidi ya watu milioni 5 walihesabiwa hivyo.

Marekani ndiko mambo yalikokwama, na sababu yake inajulikana. Kampuni zinazouza programu za kujazia ritani, Intuit na H&R Block zikiwa mbele, zimetumia miaka mingi na fedha nyingi kushawishi wanasiasa ili serikali isimjazie raia bure. Serikali ilipojaribu mfumo wake wa Direct File mwaka 2024 katika majimbo 12, watu zaidi ya 140,000 waliutumia; mwaka uliofuata ukafika majimbo 25; kisha ukafungwa.

Kenya haina Intuit. Saiba za Sori na Mbita hazina wakili Bungeni. Basi kinachotuzuia ni nini?

Jibu ninaloliona mimi ni kwamba tumefunga mambo mawili tofauti kwenye kamba moja. La kwanza ni la mwajiriwa mwenye mwajiri mmoja: kumwondolea ritani hakuhitaji KRA ione chochote kipya. La pili ni la mfanyabiashara: ili KRA imjazie ritani, ni lazima ione mauzo yake, manunuzi yake, pengine simu yake ya M-Pesa. La kwanza ni kifungu kimoja cha sheria. La pili ni vita. Na kwa kuwa serikali hupenda kuyaleta yote mawili kwa jina moja la "mageuzi ya kidijitali", raia anayeogopa la pili hulikataa la kwanza pia.

Hofu hiyo ina historia ya karibu. Juni 25, 2024, vijana waliingia Bungeni kwa sababu ya Mswada wa Fedha, Rais William Ruto akauondoa siku iliyofuata, na maandamano yakaendelea hadi Julai, mji wa Migori ukiwamo. Mwaka mmoja baadaye, Mswada wa Fedha wa 2025 ulikuja mpole, bila ushuru mkubwa mpya, lakini ndani yake kulikuwa na pendekezo la kufuta kifungu cha 59A(1B) cha Sheria ya Taratibu za Ushuru. Kifungu hicho ndicho kinachomzuia Kamishna wa KRA kumlazimisha mfanyabiashara kukabidhi siri za biashara na data binafsi za wateja wake. Kelele zikapigwa, kamati ya fedha ya Bunge la Kitaifa chini ya Kuria Kimani ikalikataa pendekezo hilo, na kifungu kikabaki.

Aliyeubeba mswada ule alikuwa John Mbadi, Waziri wa Fedha tangu Agosti 2024, mhasibu kwa taaluma na mtu wa Homa Bay: aliyekuwa mbunge wa Gwassi kuanzia 2007, kisha wa Suba Kusini kuanzia 2013. Ni nadra Hazina kuongozwa na mtu anayejua kwa macho yake umbali wa kutoka vijiji vya Gwassi hadi ofisi yoyote ya serikali. Na kwa haki yake, sheria aliyoipitisha mwaka 2025 ina kifungu ambacho magazeti yalikipita haraka: kuanzia Julai 1, 2025, mwajiri analazimika kumpa mfanyakazi nafuu na misamaha yake yote wakati wa kukata PAYE. Awali mtu mwenye bima au mkopo wa nyumba angeweza kukatwa zaidi mwaka mzima, kisha adai fedha zake kwa ritani na kusubiri kurejeshewa. Kwa kifungu hicho, sababu ya mwisho ya maana iliyomfanya mwajiriwa wa mwajiri mmoja ahitaji ritani imeondolewa. Ritani yenyewe ikabaki.

Utetezi wa ritani naufahamu. Ndiyo mahali pekee ambapo mtu anatamka, kwa wajibu wa kisheria, kama ana mapato mengine. Mwalimu ana vyumba vya kupangisha mjini Homa Bay, muuguzi ana duka la dawa, karani wa Rongo analima miwa ya kupeleka Awendo. Ukiwaondolea wote ritani, umewaondolea kiapo. KRA pia imesema wazi kwamba baadhi ya wanaotangaza nil wana mapato. Hoja hii ina uzito, lakini uzito wake si mkubwa kama unavyofanywa uonekane. Anayeficha kodi ya nyumba haifichui kwa kuulizwa mara moja kwa mwaka na fomu ambayo amejaziwa na mtu mwingine. Tena mapato ya nyumba za kupanga yana ushuru wake wa kila mwezi, asilimia 7.5 tangu Januari 2024, na ritani yake peke yake. Kanuni ya Uingereza ingetosha: una mapato ya pembeni, jaza, huna, kaa. Akidanganya, aadhibiwe kwa uongo wake, na adhabu iwe ya kuuma.

Upande wa biashara ndiko urahisi unakogeuka kuwa mwiba. Kenya tayari ina ushuru rahisi kuliko wote, ushuru wa mauzo: chukua mauzo ya mwezi, piga asilimia 3, lipa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hakuna hesabu ya gharama. Kiwango kilikuwa asilimia 1 tangu 2020, kwa mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 50 kwa mwaka. Sheria ya Fedha ya 2023 ikakifanya asilimia 3, kwa mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 25.

Chukua mchuuzi wa omena anayenunua Sindo na kuuza Migori kwa faida ya shilingi 10 katika kila 100. Akiuza 80,000 kwa mwezi, mwaka ni 960,000, hajafika milioni moja. Faida yake 96,000 iko chini ya kiwango cha kutozwa, ushuru ni sufuri. Jirani yake anauza 85,000 kwa mwezi, mwaka ni 1,020,000. Anadaiwa 30,600 kwenye faida ya 102,000. Mauzo ya ziada ya 60,000 yamemletea faida ya 6,000 na ushuru wa 30,600. Mtu mwenye akili timamu atafanya nini? Atauza omena za Novemba na Desemba kwa jina la dada yake. Na huyu analipa asilimia 30 ya kipato chake wakati mwajiriwa wa shilingi 24,000 kwa mwezi, anayemzidi kipato karibu mara tatu, halipi hata senti.

Sheria inamruhusu aombe kutoka kwenye ushuru wa mauzo na kuhesabiwa kwa faida. Ila tangu Januari 2024 gharama isiyo na risiti ya kielektroniki ya KRA, eTIMS, haihesabiwi, na tangu Januari 1, 2026 KRA hulinganisha mapato na gharama za kwenye ritani na kumbukumbu zake za eTIMS. Mvuvi anayeteremsha omena ufuoni hana eTIMS. Ana mizani na daftari la BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuo. Kwa hesabu kali ya kisheria, mchuuzi aliyeuza 1,020,000 bila risiti hata moja ya manunuzi angetozwa kana kwamba zote ni faida: shilingi 214,600, zaidi ya maradufu ya alichopata. Mwisho wa 2024 sheria ilifungua dirisha la mnunuzi kumtolea risiti muuzaji mdogo. Dirisha zuri, kwa mwenye simu, chaji na muda saa kumi na moja alfajiri ufuoni.

Kulikuwa na jaribio moja lililomfaa zaidi mchuuzi huyu, nalo lilikufa mapema. Mwaka 2019 biashara ndogo zilitozwa ushuru wa makisio wa asilimia 15 ya ada ya leseni ya kaunti. Leseni ya shilingi 5,000 ilimaanisha ushuru wa 750 kwa mwaka, bila kitabu cha mauzo. Ulifutwa mwaka 2020. Uliingiza kidogo, ni kweli, na ulizitegemea kaunti kusukuma gurudumu la serikali kuu. Lakini kati ya 750 na 30,600 pana nafasi kubwa ya kutafuta kiwango ambacho mtu anaweza kulipa bila kujificha. Katika kazi mpya 782,300 zilizohesabiwa nchini mwaka 2024, takriban tisa katika kila kumi zilikuwa za sekta isiyo rasmi, kwa hiyo swali la mchuuzi wa Sindo ndilo swali kubwa la ushuru wa Kenya, hata kama ndilo gumu zaidi.

Ndiyo maana ningelianza na lile jepesi. Kumwondolea ritani mwenye mwajiri mmoja na asiye na mapato, na kufuta faini pale ambapo hakuna ushuru unaodaiwa, hakugusi kifungu cha 59A, hakufungui simu ya mtu, na hakupunguzi PAYE hata kwa shilingi moja, kwa kuwa PAYE hukatwa kabla mshahara haujafika mfukoni. Gharama yake ni faini ambazo serikali imezisamehe mara mbili, na ile takwimu ambayo KRA huitangaza kila Julai ya mamilioni waliowasilisha ritani. Takwimu hiyo ingeporomoka, na kuna afisa atakayelazimika kueleza kwa nini.

Kalenda nayo ina siasa zake. Ritani za mwaka 2026 zitafungwa Juni 30, 2027, na uchaguzi mkuu ni Agosti 10, siku 41 baadaye. Mswada wa Fedha hufikishwa Bungeni kufikia Aprili 30. Mbunge yeyote wa Migori au Homa Bay anayetaka kifungu cha kuondoa ritani hizi kiwepo kabla hajarudi kuomba kura ana hadi Aprili 30 hiyo kukipeleka kwa Mbadi.